Mafuta ya breki hubadilishwa baada ya muda gani, hasa sisi tulio Mombasa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisauni, nimelifupisha kidogo: "Kaka fundi, habari za leo. Nina Fielder ya 2015 ya petroli, sio haibridi, niliitoa bandarini 2022 na mpaka sasa nimeenda nayo kilomita 48,000. Oili ya injini namwaga kila kilomita 5,000 sijawahi kosa, lakini mafuta ya breki hayajaguswa tangu ninunue. Fundi wangu anasema hayo hayabadilishwi, ni kuongeza tu yakipungua. Mwengine kaniambia ningoje yawe meusi. Wa duka la spea naye anataka kuniuzia DOT 4 na kifuniko kimeandikwa DOT 3. Disemba tunapanda Wundanyi na watoto. Nimsikize nani?"

Dada yangu, nzuri, na asante kwa kuuliza mapema. Nianze na jibu lenyewe ili hata ukiishia hapa uwe umepata: badilisha kila miaka miwili, haijalishi umeenda kilomita ngapi, na gari yako wewe muda ushapita zamani kwa hivyo usingoje Disemba, fanya wiki hii au ijayo. DOT 4 chukua, haina ubaya (hizo DOT ni madaraja ya mafuta ya breki). Na huyo fundi wako wa "ni kuongeza tu" inawezekana ni hodari kwa mambo mengine lakini hili kakosea, na nitakueleza kwa urefu kwa sababu ni jambo linanikaa moyoni, nimeona gari nyingi zinazotunzwa vizuri, zinaoshwa kila Jumamosi, oili safi, matairi mapya, na ndani ya breki mna uchafu wa miaka kumi.

Mafuta ya breki haya ya kawaida, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, sio mafuta kama ya injini. Ni kemikali za jamii ya glaikoli na tabia yake kubwa ni kwamba yanapenda maji. Wewe wa Kisauni unaijua chumvi ya mezani, ukiacha kikopo wazi msimu wa mvua asubuhi unakuta imeshikana donge, unatikisa haitoki. Mafuta ya breki nayo ni vivyo hivyo ila yenyewe hayagandi, yanayanywa yale maji na kuyaficha, ukiangalia kwa macho huoni kitu. Utaniuliza maji yanaingia wapi na kopo la mafuta ya breki chini ya boneti limefungwa. Kifuniko kina njia ndogo ya kupumulia, kwa sababu pedi zikiliwa mafuta yanashuka kwenye kopo na lazima hewa iingie kuchukua ile nafasi. Alafu kuna zile hozi za raba zinazoenda kwa magurudumu, ukizishika unaona ni kitu kizima kabisa lakini unyevu unapenya polepole, mwezi baada ya mwezi, gari ikitembea au ikilala. Ndio maana nakwambia hesabu miaka. Kuna mzee hapa Nyali gari yake ni ya kwenda msikitini Ijumaa na sokoni tu, kwa mwaka haifikishi hata kilomita 4,000, na mafuta ya breki yake yanazeeka sawa na ya tuktuk inayozunguka kutwa. Na hewa yetu ya pwani unaijua ilivyo nzito, unyevu mara nyingi uko juu ya asilimia 70, ikifika Aprili na Mei hata shati haikauki kwa kamba. Mtu wa Lodwar akivuta hadi miaka mitatu naweza kumwelewa, wewe hapana.

Sasa maji yakiingia kuna shida gani? Fanya hivi jikoni kwako, chukua siringi ya dawa ya watoto, ile haina sindano, vuta maji mpaka ijae, hakikisha hakuna hewa, ziba mdomo kwa kidole gumba kisha sukuma. Haisongi, ni kama unasukuma ukuta. Sasa acha kipovu kidogo cha hewa ndani yake usukume tena, utaona inaingia, inadunda kama sponji. Breki za gari yako ni hiyo siringi. Unakanyaga huku, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, inasukuma mafuta, mafuta hayakubali kubanwa kwa hivyo nguvu yote inafika kwa gurudumu na pedi zinashika diski. Kukiwa na povu la hewa au mvuke nguvu yako inaishia kulibana lile povu na gari inaendelea na safari yake.

Na huo mvuke ndio unaletwa na maji. DOT 3 mpya lazima ivumilie joto hadi nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini ikishakunywa maji kama asilimia 3.7 hivi kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 mpya ni 230, ikilowa 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Hizo ndizo namba za chini kabisa zinazokubalika, chupa nyingi nzuri zinapita hapo, lakini ona ule mporomoko wenyewe, kutoka 205 mpaka 140 na wewe hujahisi chochote, breki inakanyagika kama jana. Kwa mjini utaendelea hivyo hivyo, foleni ya Changamwe, Buxton, unavuka feri, breki haipati joto la kutisha. Siku ya mteremko mrefu ukiwa na mzigo ndio siku ya hesabu, diski inaweza kupita nyuzi mia tatu na zaidi, joto linapita kwa pedi linaingia kwa pistoni na nyuma ya pistoni ndipo yalipo mafuta yako.

Hili nililiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa tumetoka harusini Kwale, tumejaa kwa Noah ya jamaa yangu mmoja, watu wanane na masufuria nyuma, tunashuka kuja Kombani. Dereva kaiacha D na mguu uko juu ya breki mwanzo mwisho. Tulipokuwa tunakaribia chini nikamwona anakanyaga mara mbili, mara tatu, haraka haraka, kisha akanigeukia bila kusema neno, uso umebadilika kabisa. Breki ilikuwa inazama mpaka kwa sakafu. Nikamwambia shusha gia, akashusha, akavuta handibreki kidogo kidogo, Mwenyezi Mungu akajaalia mbele yetu hapakuwa na lori, gari ikasimama kwenye majani pembeni. Kina mama nyuma bado walikuwa wanaimba, hawakujua kitu. Tukashuka, harufu ya pedi kuungua, gurudumu la mbele huwezi kusogeza mkono karibu. Tukakaa kama nusu saa. Akarudi ndani akakanyaga, breki iko juu, ngumu, kama hakuna lolote lililotokea.

Na hapo ndio ubaya wa hii kitu, dada yangu. Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji na ushahidi wote unapotea. Kesho yake gari ilipelekwa gereji, wakatafuta panapovuja hawakupata, pedi nzima, hozi nzima, akaambiwa gari iko sawa nenda zako. Mimi nikavuta mafuta kwenye kopo kwa siringi nikayamimina kwa glasi, yalikuwa rangi ya chai ya strungi, na mwenyewe hakumbuki kama yamewahi kubadilishwa tangu gari ishuke melini. Tukayabadilisha yote na pedi mpya na mpaka leo haijarudia. Ujue pia kutofautisha: breki zikipata moto ukakanyaga ikawa ngumu lakini gari haisimami vizuri, hapo pedi ndizo zimechoka na joto. Ikizama laini mpaka chini, ni mafuta yamechemka, au kuna hewa, au masta silinda imekufa.

Hata hivyo nisikutishe kwa milima peke yake. Gari nyingi ninazofungua hapa mjini hazijawahi kuchemsha mafuta hata siku moja, kinachozila ni kutu. Yale mafuta mapya yamewekewa dawa ya kuzuia kutu na hiyo dawa inaisha taratibu, maji nayo yanazidi, basi chuma kinaanza kuliwa kutokea ndani. Kuna Probox nilifungua wili silinda ya nyuma, ile pampu ndogo iliyo ndani ya dramu ya gurudumu, nilipotoa ile raba ikatoka na tope zito la rangi ya kahawa, nikapangusa ndani kwa kitambaa nikapitisha ukucha, ukawa unakwama kwenye vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa. Silinda ikishafika hapo huiokoi, ukiweka raba mpya inachanika ndani ya wiki chache na mafuta yanavujia kwenye dramu. Kalipa nayo, ile inayobana pedi kwenye diski, pistoni inashika haitaki kurudi, gari inavuta upande mmoja na pedi ya upande huo inaisha mapema. Na ukifikisha uchafu huo kwenye ile pampu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki kwa nguvu, utalia, maana chupa mbili za mafuta ya breki ni pesa kidogo sana ukilinganisha na kitu hicho.

Kuhusu miaka miwili, sijaitoa kichwani. Volkswagen, BMW na Mercedes kwa gari zao nyingi wanataja miaka miwili, Honda wanataja mitatu. Kule Japani watu wengi hubadilisha gari ikienda ukaguzi wa lazima, ule wa shaken, ambao kwa gari mpya ya binafsi huwa baada ya miaka mitatu na baadaye kila miwili. Lakini tazama hesabu ya gari zetu. Sheria ya Kenya inaruhusu gari isiyozidi miaka minane, wengi tunachukua za miaka saba ili bei ishuke, na Wajapani wengi huuza gari zao pale shaken inapokaribia ili wasiilipie, kwa hivyo inawezekana kabisa gari uliyopokea ilikuwa na mafuta ambayo muda wake umekwisha, kisha ikakaa yadi, ikakaa melini wiki kadhaa juu ya bahari, ikakaa yadi tena hapa. Ndio maana mtu akitoa gari bandarini mimi namwambia oili na mafuta ya breki siku ya kwanza, usiulize historia. Yako ilishuka na miaka saba na wewe umeongeza yako juu.

Hiyo ya kungoja yawe meusi, hapana. Mapya huwa hayana rangi au ni manjano ya mbali, na yanabadilika rangi kwa joto na kwa raba inayolika, lakini maji hayana rangi, unaweza kuwa na mafuta mazuri ya kupendeza machoni yenye asilimia nne ya maji ndani. Meusi ni dalili umechelewa sana. Kuna kalamu za kupimia zenye taa, unachovya kwa kopo inawaka kijani au nyekundu, hizo zinapima umeme unavyopita, nyekundu ikiwaka badilisha lakini kijani isikupe usingizi, na tena inapima ya kwenye kopo wakati yaliyopikwa yako chini kwa kalipa.

Sasa DOT. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika bila shida, na gari ya DOT 3 ukiitia DOT 4 umeipandisha daraja kwa joto, muuzaji hakukudanganya. Kifuniko cha gari ya Japani saa zingine utakuta kimeandikwa BF-3, hiyo ni sawa na DOT 3. Kinyume chake usifanye, gari inayotaka DOT 4 usiishushe kwa DOT 3, na wenye gari za Ujerumani wasome kitabu maana nyingine zinataka DOT 4 nyepesi zaidi kwa ajili ya mitambo ya ABS. Ambayo usiiguse kabisa ni DOT 5 tupu, hiyo ni ya silikoni, mara nyingi ni ya zambarau, haichanganyiki na hizi na haifai kwa ABS. DOT 5.1 majina yanafanana lakini ni jamii moja na 3 na 4.

Nunua chupa ambazo hazijafunguliwa, sili iko, mbili za nusu lita zinatosha Fielder na zitabaki kidogo. Ukiona fundi anatoa kwenye shelfu chupa yenye vumbi iliyofunguliwa, sijui ya mteja gani, mwambie asante na umpe yako. Chupa iliyofunguliwa Mombasa inaanza kunywa unyevu siku hiyo hiyo, na kilichobaki kwako usiweke akiba ya miaka miwili ijayo. Na kwa jina la Mungu mtu asikutilie oili ya injini wala ya gia wala ya steringi kwenye kopo la breki ati "kwa dharura", wala asioshe masta silinda kwa petroli au mafuta ya taa. Raba za breki zinavimba zikiguswa na mafuta hayo. Utaijua gari iliyofanyiwa hivyo ukifungua kifuniko, ile raba ya ndani imevimba, imejikunja, hairudi pahali pake. Hapo ni kufumua kila kitu chenye raba, masta silinda, kalipa, hozi, vyote.

Kazi yenyewe simama uione, haichukui muda. Kwanza apanguse kifuniko kabla ya kufungua, mchanga usiingie. Avute ya zamani kwenye kopo kwa siringi, ajaze mpya, maana wengi wanaacha yale machafu yote ya juu wakayapitisha kwenye mfumo mzima. Kisha aanze kublidi, yaani kutoa mafuta ya zamani na hewa gurudumu moja moja, kwa gari nyingi za usukani wa kulia kama zetu wanaanza gurudumu la mbali, nyuma kushoto, na kumalizia la dereva, ingawa gari nyingine zina mpangilio wake na kitabu ndicho kisemacho. Avishe mpira wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta kwa gurudumu, upande wa pili uzame kwa chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwengine anafungua nipo, inatoka, anafunga, ndipo mguu unaachia. Ukiachia kabla hajafunga unavuta hewa ndani. Wanaendelea mpaka rangi kwenye mpira ibadilike iwe safi, na kila baada ya kukanyaga mara tano sita mtu aangalie kopo lisikauke, likikauka mmejiongezea kazi.

Mambo mawili ambayo mafundi wetu huyapuuza. La kwanza, gari ya umri huu wekeni kipande cha mbao chini ya pedali isiende mpaka sakafuni, maana ile sehemu ya mwisho ya masta silinda haijawahi kutumika miaka yote, ina kutu na uchafu, raba ikipita hapo inachanika na umeingia na breki nzuri ukatoka na mbaya. La pili, hizi nipo zetu na chumvi ya bahari, zinashika. Apulize dawa ya kulegeza kutu jana yake, atumie spana ya kukumbatia kote na sio ile ya mdomo wazi, na asilazimishe, ikikatika ni kalipa. Akimaliza arudishe vile vikofia vya raba, vingi vimepotea na ndio vinazuia chumvi. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari mwageni maji mengi mara moja, yanababua rangi. Yaliyotoka yasimwagwe kwa mtaro.

Wenye Aqua, Prius na Fielder haibridi msifanye hivi nyumbani, breki zao zina pampu ya umeme yenye presha yake na nyingi zinahitaji mashine ya kompyuta ili kublidi. Tafuta fundi anayeijua kazi hiyo.

Na hiyo ya kuongeza yakipungua: yakishuka polepole kwa miezi mara nyingi ni pedi zinaisha, kagua pedi kwanza, kwa sababu ukijaza leo na kesho ukaweka pedi mpya pistoni zinarudi nyuma na kopo linafurika. Yakishuka ghafla, panavuja, kagua ndani ya magurudumu na kwenye zulia chini ya pedali, na usiondoke nayo.

Mkishuka Wundanyi kuja Mwatate, zile kona zote, anza na gia ya chini tangu juu kabisa, weka S au B kadiri gari yako ilivyo, breki ukanyage kwa nguvu kidogo kisha uachie ipumue, usiweke mguu pale tu ukaning'inia. Ukisikia harufu au breki inakuwa laini simama mahali salama, kaeni hata dakika arobaini, watoto wale machungwa.

Siku ya kubadilisha, akimaliza, andika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito kwenye selotepu nyeupe ubandike ndani ya boneti karibu na kopo, sio juu ya kifuniko maana kinafutwa. Mimi kwa gari yangu naandika na mwezi wa kubadilisha tena, mstari wa pili.